Bia ya mwaloni nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Innis & Gunn ya Edinburgh, Uskoti, ni mojawapo ya bia zilizowavuta watu wengi wanaopika bia nyumbani kuujaribu mwaloni, yaani kuikomaza bia kwa mbao za mti huo. Ukiionja unakutana na vanila, tofi na utamu wa mbao iliyobanikwa, na papo hapo unatamani ndoo yako ya lita 20 itoe kitu cha namna hiyo. Inawezekana kabisa. Kinachowakwamisha wengi ni ushauri wanaopewa, maana mwingi umesimama juu ya dhana ambazo hata historia ya bia hiyo yenyewe inazikanusha.

"Bila pipa huwezi kupata bia ya mwaloni"

Bia hii haikuzaliwa kwa mpango. Kampuni ya wiski ya William Grant & Sons ilitaka mapipa yaliyokolea ladha ya bia, ili wiski yake imalizie kukomaa ndani yake. Bia iliyotiwa humo ilikuwa ya kumwagwa kazi ikishakwisha. Walioionja kabla haijamwagwa wakakuta imegeuka kuwa kinywaji kizuri ajabu, na mwaka 2003 mpika bia Dougal Sharp akaanzisha Innis & Gunn. Baadaye kampuni hiyohiyo ilianza kupitisha bia kwenye vipande vya mwaloni ndani ya vyombo vya chuma badala ya kutegemea mapipa peke yake. Waliojijengea jina kwa mwaloni wenyewe walitambua kwamba ladha inatoka kwenye mbao, na kwamba pipa ni chombo tu cha kuikutanisha mbao na bia.

Kwa mpikaji wa nyumbani, pipa dogo lina tatizo ambalo wauzaji hawalitaji. Pipa la kawaida la wiski ya Bourbon lina ujazo wa lita 200 hivi. Ukilipunguza umbo hilohilo hadi lita 20, kila lita ya bia inagusana na eneo la mbao linalozidi mara mbili. Bia inajaa mwaloni haraka kabla haijapata muda wa kukomaa, na oksijeni inayopenya kwenye mbao nayo inaongezeka kwa kila lita. Juu ya hayo, pipa likikaa tupu linakauka na kuanza kuvuja. Mimi namshauri anayeanza aliache pipa, anunue vibanzi vya mwaloni au vipande vyenye umbo la dadu vilivyotengenezwa kwa ajili ya vinywaji. Hivyo unavipima kwa mizani, na unaweza kuvitoa siku unayotaka.

"Ile vanila inatoka kwenye wiski iliyokuwemo"

Ni kweli kwamba mbao za pipa lililotumika hubaki zimelowa wiski, na sehemu yake huingia kwenye bia. Lakini wiski nayo iliipata vanila kwenye mwaloni, maana inapotoka kwenye mtambo haina rangi wala vanila.

Kazi kubwa inafanywa na moto. Ndani ya mbao kuna lignini, na inapobanikwa huvunjika na kutoa vanilini, yaani kemikali ileile inayoipa vanila harufu yake kuu. Hemiselulosi huvunjika kuwa sukari, na sukari hizo zikiungua kidogo huleta tofi na karameli. Mwaloni una pia laktoni zenye harufu ya nazi, ambazo ni nyingi zaidi kwenye mwaloni mweupe wa Marekani, *Quercus alba*. Mwaloni wa Ulaya kwa kawaida una tanini nyingi zaidi, yaani vitu vinavyoleta ukakasi, na huelekea kwenye viungo kama karafuu. Kwa hiyo anayetafuta ladha iliyo karibu na Innis & Gunn achague mwaloni wa Marekani uliobanikwa wastani. Uliobanikwa sana unaleta moshi na kahawa, na hizo ni tabia zinazofaa zaidi bia nyeusi.

Sheria ya Marekani inadai Bourbon ikae kwenye mwaloni mpya uliochomwa moto ndani hadi ukawa mkaa. Ndiyo maana mapipa yaliyotumika mara moja ni mengi sokoni, na ndiyo maana viwanda vya bia vinayapata kwa wingi.

Kuna wanaomimina wiski moja kwa moja kwenye bia wakidhani wamepata njia ya mkato. Mililita 100 za wiski ya asilimia 40 ndani ya lita 20 zinaongeza kilevi kwa asilimia 0.2 tu, kwa hiyo usitarajie nguvu yoyote ya maana. Ladha ya wiski itasikika kidogo, lakini ile ya mbao inahitaji mbao. Wiski ina matumizi bora zaidi, nayo ni kuloweka vipande vya mwaloni siku chache kabla ya kuvitia kwenye bia.

"Mwaloni utaficha kasoro za bia"

Dhana hii ndiyo iliyoharibu bia nyingi kuliko nyingine zote, na ningependa mtu asahau kila kitu hapa akumbuke hili tu. Tanini za mwaloni zinakutana na uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia kuipa uchungu na harufu, na kuukuza. Bia nyembamba yenye uchungu mwingi ikiwekewa mbao inakuwa na ukakasi kama chai iliyosahauliwa na majani yake. Bia inayoupokea mwaloni vizuri ina mwili, ina utamu kidogo uliobaki, na hopsi zake ziko nyuma.

Innis & Gunn ya asili ina kilevi cha asilimia 6.6. Kuifikia nguvu hiyo, anza na maji ya kimea yanayosoma 1.064 kwenye haidromita, kifaa kinachopima uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji, na hamira iyashushe hadi 1.014 hivi. Sehemu kubwa ya nafaka iwe kimea cheupe cha Kiingereza, kama asilimia 90, na kinachobaki kiwe kimea cha karameli, ngano kidogo ikitaka kuingia si vibaya. Loweka kimea kwenye nyuzi 67 ili mwili ubaki. Uchungu usizidi IBU 25 (IBU ni kipimo cha uchungu wa bia), na hopsi za harufu za mwishoni huna haja nazo. Tumia hamira safi ya Kiskoti au ya Kiingereza, uiachie ifanye kazi kwenye nyuzi 18.

Hapa kuna mtego mmoja. Daiasetili, ambayo ni kasoro inayotokana na uchachushaji usiokamilika, ina harufu ya siagi inayofanana sana na tofi ya mwaloni. Mtu anainusa bia yake, anasema mbao imekubali, kumbe hamira haijamaliza kazi. Kuwa na uhakika ni rahisi: chukua sampuli mbili kabla ya kutia mwaloni, moja uifunike na kuipasha hadi nyuzi 60 kwa dakika 20, uipoze, kisha unuse zote mbili. Siagi ikitokea kwenye iliyopashwa, ipandishe bia hadi nyuzi 20 au 21 na uisubiri siku chache juu ya hamira yake.

"Tia mbao mapema, iache muda mrefu"

Mapema hapana. Hamira iliyo hai na yenye shughuli huigeuza sehemu ya vanilini kuwa kemikali nyingine isiyo na harufu ile, kwa hiyo mbao inayotiwa mwanzoni mwa uchachushaji inapoteza kile hasa ulichokitaka. Subiri uchachushaji uishe, uihamishe bia taratibu bila kuitikisa, kisha ndipo utie mwaloni.

Kuhusu muda, kwa miaka mingi lebo ya Innis & Gunn ilitaja siku 77, yaani 30 ndani ya mwaloni na 47 za kukomaa baada ya kutolewa. Watu wanaidaka namba 77 na kuziacha mbao ndani muda wote huo, wakati zaidi ya nusu yake ni siku ambazo bia haikugusa mbao kabisa. Tena siku 30 za pipa kubwa hazilingani na siku 30 za vibanzi. Vibanzi ni vyembamba na bia huvimaliza ndani ya wiki moja au mbili. Vipande vya dadu vinaachia pole pole kwa wiki kadhaa, na kwa kuwa moto haukuingia kwa kiwango sawa hadi katikati, vinatoa ladha zenye tabaka zaidi. Mimi navipendelea hivyo. Kwa lita 20, gramu 40 za dadu ni mwanzo mzuri, na gramu 60 ni kwa anayependa mbao isikike waziwazi. Onja kila wiki. Ukitumia vibanzi, gramu 30 zinatosha, na uonje kuanzia siku ya nne.

Itoe mbao ladha inapozidi kidogo tu kile unachokitaka, kwa sababu sehemu ya makali hayo hutulia ndani ya chupa. Ikizidi sana, usiimwage. Pika bia ileile bila mwaloni uzichanganye.

"Chemsha vipande ili kuua vijidudu"

Kuchemsha kunaua, lakini maji ukiyamwaga umemwaga na ladha pia. Mvuke wa dakika 15 hivi unatosha, au kuloweka kwenye pombe kali. Pipa ni suala jingine: hamira mwitu kama Brettanomyces hujipenyeza milimita kadhaa ndani ya mbao, ambako dawa ya kusafishia haifiki.

"Mwaloni wowote unafaa"

Hapana. Mbao za ujenzi na mabaki ya fanicha huenda zimetiwa dawa au rangi, na hazipaswi kugusa kitu cha kunywewa.

"Bia zote za zamani zilikuwa na ladha ya mwaloni"

Zilikaa kwenye mapipa, lakini wenye viwanda hawakuitaka ladha hiyo. Waingereza wa karne ya 19 waliuthamini mwaloni uliopitia bandari ya Memel, ambayo leo ni Klaipėda nchini Lithuania, kwa sababu uliachia ladha kidogo, na ule wa Marekani waliukwepa kwa kuwa ulisikika mno. Wajerumani na Wacheki walipaka lami ya misonobari ndani ya mapipa, na kiwanda cha bia cha Pilsner Urquell kule Plzeň, Ucheki, bado kinayo mapipa ya namna hiyo. Nao uchachu wa Rodenbach ya Ubelgiji, inayokomaa kwenye matangi makubwa ya mwaloni, unatokana na bakteria na hamira zinazoishi humo. Mwaloni safi hauichachishi bia. Ikianza kunuka siki, tafuta pale hewa inapoingia.

"Kama chupa yao haina rangi, na yangu vivyo hivyo"

Innis & Gunn iliuzwa miaka mingi kwenye chupa nyeupe inayoonyesha rangi ya shaba ya bia, na inapendeza kuiga. Lakini mwanga ukiigusa bia yenye hopsi za kawaida huzaa kemikali ya salfa yenye harufu ya kicheche, na mwaloni hauizuii hata kidogo. Tumia chupa ya kahawia. Ukiona ni lazima rangi ionekane, funga chupa kwenye sanduku hadi saa ya kumimina, na uziache zikae wiki sita au zaidi mahali penye ubaridi kabla ya kufungua ya kwanza.