Mwongozo wa vyuo vya masafa: soma mwanzo, ruka orodha

Mama mmoja, muuguzi, alikuja kwangu Magomeni amebeba kitabu kinene cha Kiingereza alichokiokota kwenye vitabu vya mitumba pale Posta. Ni mwongozo wa shahada za masafa, zile unazosoma ukiwa mbali na chuo, kurasa mia kadhaa. Tulipomaliza shikamoo na habari za nyumbani, akakiweka mezani. Kurasa nne zilikuwa zimekunjwa pembe.

"Mwanangu, hiki bado kinafaa, au elfu saba yangu ndiyo imeliwa?"

Kazi yangu ni kuwashauri watu wazima wanaotaka shahada bila kuacha kazi, na swali hilo naulizwa mara nyingi kuliko mnavyodhani. Nikatafuta mwaka wa kuchapwa: 2001.

Tukaanza na kurasa alizokunja. Ya kwanza ilikuwa Excelsior College ya New York, ambayo tangu 2022 ni Excelsior University. Ya pili Thomas Edison State College ya New Jersey, nayo imekuwa University tangu 2015. University of London ipo, tena imekuwa ikiwapa shahada watu wasiokanyaga London tangu 1858, ila idara na anwani zilizoandikwa humo si za kutumaini. Ada sikuthubutu hata kuzisoma kwa sauti. Kwa kila chuo kulikuwa na namba ya faksi. Tukacheka.

Basi orodha imekufa. Lakini sikumwambia akitupe, kwa sababu sura tatu za mwanzo zilikuwa hai kuliko kurasa nyingi za intaneti. Zinafundisha kuuliza. Ithibati ya chuo, yaani uthibitisho wa ubora wake, imetolewa na nani, na huyo aliyeitoa ametambuliwa na nani? Mtihani unafanyikia wapi, mbele ya msimamizi gani? Kuna anayekuahidi shahada kwa "uzoefu wa maisha" bila kukaa darasani wala kwenye mtihani?

Lile swali la kwanza ndilo linalowaponza watu. Neno "ithibati" yeyote anaweza kuliandika kwenye tovuti yake. Mei 2015, gazeti la The New York Times lilifichua mtandao wa vyuo hewa uliokuwa ukiendeshwa kutoka Karachi. Kulikuwa na mamia ya tovuti, picha za wanafunzi wanaotabasamu, hata vyombo vya ithibati vya kubuni ili chuo hewa kithibitishwe na chombo hewa. Hata chombo halisi huweza kuanguka: ACICS, kilichokuwa kikithibitisha vyuo Marekani, kilinyang'anywa utambuzi na Wizara ya Elimu ya huko mwaka 2022. Kitabu cha 2001 hakiwezi kukuambia hilo. Kinaweza kukufundisha kwamba ni jambo la kukagua, na aliyejifunza hivyo hadanganywi na picha.

Ukitafuta kwenye simu, vya juu kabisa mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa. (Sisemi vitabu vyote vilikuwa visafi, ipo miongozo iliyojaa kurasa zilizolipiwa na vyuo vyenyewe.) Ila kitabu kinakuonyesha mwaka wake, nawe unajua umri wa unachosoma. Tovuti nyingi za kuorodhesha vyuo hazina hata tarehe.

Kuna jambo ambalo mwandishi wa kitabu kile cha nje asingeweza kuliweka, nalo kwa Mtanzania ni la kwanza. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilianza 2005, na shahada ya nje inapitia kwao kutambuliwa. Waulize kabla ya kulipa hata senti. Tangu ule uhakiki wa 2017, uliowaibua watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, watu wa maofisini hawataki mchezo. Vilivyokaguliwa vilikuwa vya kidato cha nne, cha sita na ualimu, si shahada za masafa, lakini hofu haichagui.

Kwa muuguzi kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga pia. Nilimuuliza yule mama: mafunzo ya wodini utayafanyia wapi, kwa posta? Akanyamaza kidogo, akafunua upya zile kurasa zake.

Nikamkumbusha na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, nacho cha masafa, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 na kuanza kupokea wanafunzi 1994. Kipo hapa hapa Kinondoni, daladala moja tu kutoka kwangu. Kwenye kitabu chake hatukukiona kabisa.

Tuliteremka stationery ya chini tukatoa kopi ya kurasa kumi na moja za maswali. Kitabu akaondoka nacho, kopi moja akaniachia. Pembeni ya ukurasa wa kwanza nimeongeza kwa kalamu: "TCU wanasemaje? Na baraza la taaluma yako?"