Zamu ndefu na zamu fupi za wauguzi: maana yake na tofauti zake

Zamu ndefu ni ile ya saa 12. Muuguzi anaingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 1:30 usiku, au anaingia hiyo saa 1:30 usiku na kutoka kumekucha. Zamu fupi ni ya saa 8 au pungufu, na hapo siku nzima hugawanywa kwa makundi matatu: asubuhi, jioni na usiku. Saa yetu ya Kiswahili inasaidia kulielewa jambo hili, maana mchana wetu una saa 12 na usiku wetu una saa 12. Anayeshika zamu ndefu anakuwa amepewa mchana mzima au usiku mzima.

Wodini, hata hivyo, mara nyingi hukuti mfumo mmoja ulionyooka. Nilikofanya kazi mimi, rosta, yaani ratiba ya zamu, ilikuwa na asubuhi ya kuanzia saa 1:30 hadi saa 9:30, jioni ya saa 9:30 hadi saa 1:30 usiku, kisha usiku wa saa 1:30 hadi saa 1:30. Tulikuwa tukisema tuko kwenye zamu fupi, na mchana ilikuwa kweli. Usiku tulikuwa na saa 12 kama wenzetu wa zamu ndefu. Kwa hiyo ukisikia wauguzi wawili wanabishana kuhusu zamu, waulize kwanza kila mmoja anazungumzia mchana au usiku, kwa sababu huenda usiku wao unafanana.

Tuanze na hesabu. Wiki ina saa 168, na mgonjwa anatakiwa kuwa na mtu wa kumwangalia katika saa zote hizo. Kama kila muuguzi anafanya saa 40 kwa wiki, nafasi moja wodini inahitaji wauguzi 4.2. Kwa zamu tatu za saa 12, yaani saa 36, nafasi hiyo hiyo inahitaji wauguzi 4.7 hivi. Ukiweka wiki ya zamu tatu na wiki ya zamu nne kwa kupokezana, wastani unakuwa saa 42 na wauguzi wanne wanatosha, ilimradi asiugue mtu, asiende likizo mtu, na asijifungue mtu. Namba hizi nazitoa kwa sababu nimeshasikia zaidi ya mara moja kwamba zamu ndefu ni dawa ya upungufu wa wauguzi. Kazi ya saa 168 haipungui kwa kuikata vipande virefu.

Kinachopungua ni makabidhiano. Zamu fupi zina makabidhiano matatu kwa siku, zamu ndefu zina mawili. Watetezi wa zamu ndefu hulitaja hili kwanza, na wana hoja, kwa sababu wakati wa kutoa na kupokea ripoti ndipo mambo mengi hupotea. Muuguzi anayetoka anasema kitanda namba 6 dripu inaisha saa 12, anasahau kusema kwamba mkono wa kushoto umeanza kuvimba pale ilipo kanula, ule mpira mdogo unaoingizwa kwenye mshipa. Anayeingia anaweka chupa mpya juu ya mshipa uliokwisha kuharibika. Ukimpa mgonjwa nyuso mbili kwa siku badala ya tatu, nafasi za kusahau namna hiyo zinapungua. Na mgonjwa mwenyewe anapenda. Mama aliyekuja na uchungu asubuhi anajisikia vizuri kujifungua mikononi mwa mkunga yule yule aliyempokea mlangoni.

Lakini yapo makabidhiano ya haraka, na yapo yale ambayo zamu mbili zinakutana wodini kwa saa nzima au zaidi. Hospitali zenye zamu fupi zinaweza kuwaingiza watu wa jioni kabla wa asubuhi hawajatoka. Katika muda huo mikono ni maradufu. Hapo ndipo vidonda vikubwa husafishwa kwa utulivu, wagonjwa wazito hugeuzwa na watu wanne badala ya wawili, muuguzi mpya hufundishwa kuweka mpira wa mkojo bila kukimbizwa, na mtu hupata nafasi ya kula akiwa ameketi. Zamu ya saa 12 kwa saa 12 haina muda huo wa kukutana. Uongozi ukikwambia mfumo mpya umeokoa saa za kazi, mara nyingi saa zilizookolewa ndizo hizo. Kwangu mimi hasara hii ni kubwa kuliko inavyosemwa, kwa sababu haionekani kwenye rosta. Inaonekana miezi kadhaa baadaye, pale wodi inapokuwa na wauguzi wapya ambao hawakufundishwa na mtu.

Halafu kuna saa za mwisho. Chukua mtoto wa kilo 8 mwenye nimonia kali, aliyelazwa usiku. Gentamisini, dawa ya sindano ya kuua bakteria, ni miligramu 7.5 kwa kila kilo, kwa hiyo anahitaji miligramu 60. Ampuli, yaani kichupa kidogo cha dawa, ina miligramu 80 katika mililita 2. Unavuta mililita 1.5. Saa 3 asubuhi hesabu hiyo inafanyika kichwani huku unatembea. Saa 10 usiku, nikiwa nimesimama tangu saa 1:30, niliwahi kuiandika mara nne kwenye kipande cha karatasi na mara mbili nikapata majibu tofauti. Nilimwamsha mwenzangu wa wodi ya jirani aje aiangalie kabla sijagusa bomba la sindano. Mtoto alipata dozi sahihi. Nilichojifunza usiku ule ni kwamba uchovu hauji na taarifa. Unadhani unafikiri vizuri kama kawaida.

Watafiti wamelipima jambo hili. Mwaka 2004 nchini Marekani, wauguzi 393 waliandika kila siku saa walizofanya na makosa waliyotenda au waliyokaribia kutenda, katika zamu 5,317. Zamu zilipofika saa 12 na nusu au zaidi, uwezekano wa kukosea ulikuwa mara tatu. Mwaka 2014 ukachapishwa utafiti wa nchi 12 za Ulaya, wauguzi 31,627 katika hospitali 488. Waliofanya zamu za saa 12 au zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema kwamba huduma wodini mwao ni duni na kwamba kuna kazi za wagonjwa walizoziacha bila kuzifanya. Huko nyuma, mwaka 1997, ilikwisha kuonyeshwa kwamba mtu aliyekesha macho kwa saa 17 mfululizo anafanya kazi za mikono na akili kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Sasa fikiria muuguzi aliyeamka saa 1 asubuhi, akaandaa watoto, akafua, hakupata usingizi mchana, akaingia zamu ya usiku. Saa 6 usiku anatimiza hizo saa 17. Mbele yake bado kuna saa 7 na nusu za kuhesabu dawa.

Kwa nini basi wauguzi wengi wanazipenda zamu ndefu? Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2012, wa wauguzi zaidi ya 22,000, ulikuta mambo mawili kwa pamoja: waliofanya zamu za saa 10 na kuendelea walikuwa na uwezekano wa hadi mara mbili na nusu wa kuchoshwa na kazi na kutaka kuiacha, na bado zaidi ya asilimia 80 ya wauguzi wote walisema wameridhika na ratiba yao. Anayeishi Chanika au Mbagala na kufanya kazi mjini Dar es Salaam anaelewa bila kuelezwa. Kama safari ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, siku tano za kazi ni saa 20 ndani ya daladala kwa wiki, siku tatu ni saa 12. Nauli inapungua, siku nne zinabaki za mtoto, shamba, masomo ya shahada, au kibarua cha pili kwenye zahanati ya mtaani. Hicho kibarua cha pili kinaeleweka, mishahara ikiwa kama ilivyo, ila kinayala yale mapumziko ambayo zamu ndefu iliyatoa.

Safari hiyo hiyo ina upande mwingine. Zamu ya saa 12 jumlisha saa 4 za barabarani ni saa 16. Zinabaki 8 za kuoga, kula, kuangalia daftari la mtoto na kulala, kabla ya kurudi. Kwa siku moja mtu anaweza. Siku tatu mfululizo ni habari nyingine, na ningependa wapanga rosta wote wahesabu zamu kuanzia mlango wa nyumbani hadi mlango wa nyumbani, maana huo ndio urefu wake halisi.

Zamu fupi nayo ina ugonjwa wake, na huu hausemwi vya kutosha. Ni pale unapopangwa jioni leo na asubuhi kesho. Tuseme jioni ya kwenu inaisha saa 3 usiku. Umetoka saa hiyo, unatakiwa uwe wodini saa 1:30 asubuhi. Ni saa 10 na nusu, ukitoa safari zote mbili unabaki na usingizi wa saa tano ukibahatika. Kila zamu kwa peke yake ilikuwa fupi, lakini muuguzi amechoka kama aliyefanya ndefu. Na zamu fupi za siku sita kwa wiki humnyima mtu hata siku ya kumpeleka mzazi kliniki.

Sheria imelitazama hili. Pendekezo namba 157 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1977, linahusu wauguzi moja kwa moja: siku ya kawaida isizidi saa 8 isipokuwa pale palipo na utaratibu maalumu, siku ikijumuisha saa za ziada isizidi 12, na kati ya zamu na zamu kuwe na mapumziko ya saa 12 mfululizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na inaruhusu siku ya hadi saa 12 bila malipo ya ziada pale tu yanapokuwepo makubaliano ya maandishi. Nayo inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku. Rosta ya jioni kisha asubuhi, niliyoieleza hapo juu, haifikii kipimo hicho.

Sheria hiyo pia inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku inalipwa nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mjamzito hapangiwi usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua, na hata mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari.

Wodi yako ikitaka kuhamia zamu za saa 12, muulize muuguzi kiongozi swali moja kabla hujasaini: anayenipokea saa 1:30 akiugua, nani anakuja? Jibu likiwa "utamsubiri", hiyo unayosainishwa si zamu ya saa 12. Inaweza kuwa ya 14, inaweza kuwa ya 16, na kule mwisho wake bado kuna mtoto wa kilo 8 anayesubiri mililita 1.5.