Lori la dizeli kwenye baridi kali: yanayosemwa na yaliyo kweli

Baridi ya nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri hukamata kwanza vile vinavyotiririka ndani ya lori: mafuta, oili, maji ya rejeta, tindikali ya betri, hata unyevu uliojificha kwenye mabomba ya breki. Dereva anayelijua hili hulishughulikia lori lake jioni. Asiyelijua hupambana nalo alfajiri, vidole vimekufa ganzi, na hapo ndipo mambo ya kuambiwa humponza.

"Kama limewaka, mafuta hayana shida."

Hii imewaacha wengi barabarani. Dizeli ina nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta hiyo hujitenga na kuwa chembe, mafuta yakafanya ukungu, na kwa dizeli ya kawaida hali hiyo inaweza kuanza kabla hata ya kufika nyuzi 10 chini ya sifuri. Tangini chembe hizo hazina neno. Zikifika kwenye filta hujazana juu ya karatasi yake hadi mafuta yasipite. Kwa hiyo lori huwaka kwa mafuta yaliyokwisha kupita filta, hutembea mwendo mfupi, nguvu hufifia, kisha linazima. Watu hulaumu pampu na nozeli bure.

Tiba ni dizeli ya majira ya baridi. Kiwango cha Ulaya cha EN 590 kina madaraja ya maeneo yenye baridi kali, na la mwisho hupimwa liweze kupita kwenye filta hata nyuzi 44 chini ya sifuri. Angalia sana hapa: lori lililojazwa mafuta kwenye joto likaelekea kwenye baridi limebeba mafuta ya kule lilikotoka. Yapunguze tangini kabla ya kuingia kwenye baridi, ujaze ya huko.

"Yakiganda, nitamimina dawa."

Dawa ya kuzuia kuganda haiyeyushi nta. Kazi yake ni kuzifanya chembe zibaki ndogo wakati zinapoanza kujijenga, kwa hiyo lazima iwemo tangini mafuta yakiwa bado maangavu. Imimine kwanza, kisha jaza mafuta juu yake ili ichanganyike. Yakishaganda, lipashe lori joto na ubadilishe filta. Kuna dawa nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya kuyeyusha. Filta ya akiba ndani ya kabini ni lazima, sioni mjadala.

"Changanya na petroli kidogo."

Usifanye hivyo kamwe. Mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali dizeli huhitaji kupashwa hadi zaidi ya nyuzi 50 ndipo mvuke wake uwake. Ukichanganya, unaligeuza tangi kuwa hatari. Tena petroli haina ulainishaji, na pampu ya dizeli hulainishwa na mafuta yaleyale inayoyasukuma.

"Hita ya injini ni anasa."

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, na chuma baridi hulinyonya joto hilo kabla halijafanya kazi. Wakati huohuo oili imekuwa nzito, stata inakaza, na betri kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri imebaki na takriban nusu ya nguvu zake. Matatu kwa mpigo. Hita ikichomekwa kwenye umeme saa 2 hadi 4 kabla ya safari, pamoja na oili nyepesi ya 5W-40 au 0W-40 pale mtengenezaji anapoiruhusu, inaondoa sehemu kubwa ya shida hiyo. Kupuliza etha, dawa ya kuwashia injini ngumu, kwenye injini yenye plagi za joto (zinazopasha silinda) au hita ya hewa kunaweza kusababisha mlipuko unaovunja pistoni na ringi.

"Dawa ya rejeta ikiwa tupu ndiyo kali zaidi."

Glaikoli, ndiyo dawa yenyewe, ikiwa tupu huganda karibu na nyuzi 13 chini ya sifuri. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji hustahimili hadi nyuzi 37 chini ya sifuri, na ikiwa sehemu 60 kwa 40 za maji hufika karibu 50 chini ya sifuri. Ni ule mchanganyiko unaozuia barafu, na kuzidisha dawa hurudisha hatari uliyoikimbia. Betri nayo ina siri yake: iliyojaa chaji haigandi kirahisi, iliyoisha huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri. Ikiganda, usiichaji wala kuiunganisha na nyingine, inaweza kulipuka.

"Urea ikiganda imeharibika."

Hapana. Urea, maji ya kusafishia moshi wa ekzosi, huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri, na mfumo una hita ya kuiyeyusha baada ya injini kuwaka. Acha nafasi tangini, kwa kuwa hutanuka, na usiitie dawa yoyote.

"Liache likiunguruma usiku kucha."

Injini isiyobeba mzigo haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, na masizi hujaa kwenye filta ya ekzosi. Hita ndogo ya kabini inayotumia dizeli ni nafuu zaidi kwa injini.

"Breki za upepo hazina maji, zitagandaje?"

Upepo uliogandamizwa hutoa unyevu. Fungua mitungi utoe maji, na badilisha kikaushio cha hewa kabla ya msimu. Spiriti ndani ya mabomba hula mipira ya vali. Kabla ya kuegesha, kanyaga breki kidogo kidogo mara kadhaa ili zikauke, la sivyo viatu vya breki hung'ang'ania ngoma. Asubuhi, anza kwa mwendo wa pole na utazame magurudumu ya trela kwenye kioo: likiwepo linaloburuzika bila kuzunguka, simama hapohapo, maana tairi huliwa upande mmoja ndani ya umbali mfupi sana.