Kabla ya kuilaumu adb, iulize kompyuta kama imeiona simu

Kijana mmoja alishuka kutoka Newala hadi hapa Mikindani ninapofanyia kazi, laptopu mgongoni na simu mfukoni. Anajifunza kutengeneza programu za simu, na kwa siku tatu simu yake ilikuwa imegoma kuonekana kwenye kompyuta kupitia adb, programu ya kuiamuru simu ya Android kutoka kwenye kompyuta. "Kaka," akaniambia hata kabla hajaketi, "nimepiga Windows upya, adb nimeishusha mara nne, bado `adb devices` inanipa orodha tupu." Nikamwomba anionyeshe waya anaotumia. Ulikuwa waya mwembamba uliokuja na taa yake ya sola. Nikampa wa kwangu, akarudia amri ile ile, na namba ya utambulisho ya simu yake ikatokea.

Iliniuma. Siku tatu za mtu anayejifunza kwa bando la kununua mwenyewe si kitu kidogo, na amri ya kupiga Windows upya alipewa na watu waliodhani wanamsaidia. Tatizo hili naletewa mara kwa mara, na karibu kila anayelileta ameanza kulitafuta kutoka mwisho.

Adb, kifupi cha Android Debug Bridge, ni daraja lenye wahusika watatu. Wa kwanza ni amri unayoiandika kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Wa pili ni seva inayoendeshwa kimyakimya ndani ya kompyuta yako, ikisikiliza kwenye poti 5037. Wa tatu yumo ndani ya simu, anaitwa adbd. Ukiandika `adb devices`, amri yako haizungumzi na simu hata kidogo. Inaiuliza seva, na seva ndiyo inayojua kama kuna simu inayoitika. Chini ya hao watatu kuna waya, tundu la simu, tundu la kompyuta na mfumo wa kompyuta wenyewe. Huko chini kukiwa kumekatika, adb haina cha kukuambia. Itakupa orodha tupu, na orodha tupu haisemi kosa liko wapi.

Kwa hiyo mimi huiacha adb kwanza. Naiuliza kompyuta: umeona kitu kimechomekwa? Kwenye Linux naandika `lsusb`, inayoorodhesha vifaa vya USB, kabla ya kuchomeka simu, kisha tena baada ya kuchomeka, nalinganisha. Au naacha `sudo dmesg -w`, inayoonyesha taarifa za mfumo papo hapo, ikiendelea na kuchomeka huku natazama. Kwenye Windows nafungua orodha ya vifaa vya kompyuta (Device Manager) na kuangalia kama inajipanga upya simu inapoingia. Kama hakuna kilichobadilika, adb haihusiki na usiiguse. Shida ni ya waya au ya tundu.

Waya wa USB wa kawaida, ule wa toleo la 2.0, una nyaya nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Kwa desturi nyekundu na nyeusi ni za umeme, nyeupe na ya kijani ni za data. Nyaya nyingi zinazokuja na taa, feni ndogo au redio hazina hizo mbili za data, na zingine zinazo lakini zimekatikia shingoni, pale waya unapoingia kwenye kichwa. Simu itachaji vizuri kabisa na kompyuta haitajua kuwa ipo. Kuchaji hakuthibitishi chochote. Weka waya mmoja uliokwisha kuupima, ufunge utepe wa rangi, na usimwazime mtu.

Sisi wa pwani tuna jambo jingine. Hewa ya chumvi inaingia kwenye tundu la chaji, na simu za Mikindani na Msimbati naziona na kutu ya kijani kwenye vipini vya shaba. Za huko juu, Newala na Tandahimba, zinakuja na vumbi lililogandamana na nyuzi za mfuko wa suruali hadi kichwa cha waya hakifiki ndani. Zima simu, mulika kwa tochi, toa uchafu taratibu kwa kijiti cha meno cha mti. Sindano hapana, itaunganisha vipini au kuvikunja. Kama kichwa cha waya kinacheza, umeme unaweza kupita na data isipite, hapo mpelekee fundi simu abadilishe tundu.

Kompyuta ikishaiona simu na adb bado haioni, nenda kwenye simu yenyewe. Kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, gusa namba ya muundo mara 7 ili chaguo za wasanidi programu zifunguke, kisha humo washa utatuzi wa USB. Wengi hapa wanajua. Wasichokijua ni kwamba baadhi ya simu zikiwekwa kwenye hali ya kuchaji tu huificha adb, kwa hiyo telezesha arifa chini na uchague kuhamisha faili. Kwenye Windows inabaki draiva: kifaa kikiwa na alama ya njano kwenye orodha, weka draiva ya aliyeitengeneza simu hiyo. Windows imeiona simu lakini haijajua iongee nayo vipi.

Baada ya hapo ndipo adb inaanza kusema maneno, na kila neno lina pahala pake. Naomba uyasome.

`unauthorized` ni habari njema. Waya ni mzima, draiva ni nzima, simu imejibu. Imekataa tu kwa sababu haikujui. Tangu Android 4.2.2, kila kompyuta hujitambulisha kwa ufunguo wake, na simu humuuliza mwenyewe kama anaukubali. Swali hilo linatokea kwenye kioo, tena kioo kikiwa kimefunguliwa, na mtu aliyeiacha simu imelala mezani hatalijua. Fungua simu, chomoa, chomeka, kubali, weka tiki ya kuiruhusu kompyuta hii daima. Kama swali halitokei, rudi kwenye chaguo za wasanidi, futa idhini zote za utatuzi wa USB, na uanze upya. Kuanzia Android 11, kompyuta isiyotumika kwa siku 7 nayo hufutiwa idhini yake, na wengi hudhani kitu kimeharibika. Hakuna kilichoharibika, jibu swali tena.

Naletewa pia simu zilizovunjika kioo, mtu anataka picha za marehemu mzazi wake zitolewe kwa adb. Kama kompyuta ile iliwahi kuruhusiwa na idhini haijaisha, inawezekana. Kama haikuwahi, mlango umefungwa na nasema hivyo waziwazi, kisha namwelekeza akabadilishe kioo kwanza. Ulinzi huo huo ndio unaomzuia mwizi wa simu yako.

`no permissions` utaliona kwenye Linux, na dawa inayosambazwa ya kuweka `sudo` mbele ya adb siikubali. Inaonekana kufanya kazi, lakini umeiwasha seva kwa jina la mkuu wa mfumo, na mkuu huyo ana ufunguo wake tofauti na wako. Simu itauliza upya. Kesho ukirudi kwa jina lako, itauliza tena. Hapo umejiongezea tatizo la pili. Kinachokosekana ni kanuni za udev zinazoiambia Linux kwamba mtumiaji wa kawaida aruhusiwe kugusa kifaa hicho. Kwenye Ubuntu na Debian zimo ndani ya pakiti ya `android-sdk-platform-tools-common`. Iweke, jiongeze kwenye kundi la plugdev kwa `sudo usermod -aG plugdev $USER`, toka kwenye akaunti, ingia tena, chomoa na uchomeke simu. Huko kutoka na kuingia ndiko watu wanakoruka, halafu wanasema haikusaidia.

`offline` maana yake seva inaiona simu lakini hawaelewani. Mara nyingi `adb kill-server` ikifuatiwa na `adb start-server` inatosha, au kuizima na kuiwasha simu. Ukipitia kigawanyio cha USB, kiondoe. Adb ya zamani sana nayo huziona simu mpya kuwa offline, kwa hiyo tumia toleo la sasa.

Lipo kosa linalotesa kimyakimya: simu inaonekana, inapotea, inarudi. Soma mstari unaosema toleo la seva halilingani na la mteja. Una adb mbili. Moja umeiweka mwenyewe, nyingine imeletwa na programu nyingine, labda emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) au programu ya kuonyesha kioo cha simu kwenye kompyuta, na kila moja ikiwaka inaiua seva ya mwenzake. `where adb` kwenye Windows au `which -a adb` kwenye Linux itakuonyesha kama zimo zaidi ya moja kwenye njia ya mfumo, na kwenye Windows `netstat -ano | findstr 5037` itakupa namba ya programu iliyoshika poti ile. Bakiza moja. Ukiambiwa kuna zaidi ya kifaa kimoja, taja unachokitaka kwa `adb -s` na namba yake.

Waya ukishindikana kabisa, kuna hewa, yaani Wi-Fi. Msimu wa korosho uliopita karani wa mizani wa chama kimoja cha msingi huko Tandahimba aliniletea simu yenye programu niliyoiandika mwenyewe ya kuandikia kilo za wakulima. Ilikuwa toleo la majaribio, na kosa langu kwenye msimbo lilifanya ijifunge kila inapofunguliwa. Mizani ya siku nzima ilikuwa ndani, haijatumwa. Tundu lake lilikuwa linapokea chaji tu, vipini vya data vimekwisha.

Njia ya zamani, `adb tcpip 5555`, isingefaa, maana yenyewe inahitaji waya kwanza. Android 11 ilileta utatuzi usiotumia waya, ambao hauhitaji. Simu inapaswa kuwa imeunganishwa na Wi-Fi, na yenyewe kuwa hotspoti haihesabiki, kwa hiyo nikawasha hotspoti kwenye simu ya tatu, nikaingiza simu yake na laptopu yangu humo. Kwanza `ping` kuelekea anwani ya simu, maana kuna mitandao inayozuia vifaa kuonana na hapo adb haitaweza lolote. Ikajibu. Nikachagua kuoanisha kwa msimbo, ikanipa tarakimu 6 na anwani yenye poti, nikaandika `adb pair` na anwani hiyo.

Hapa ndipo wengi wanapokwama: poti ya kuoanisha si poti ya kuunganisha. Ukishaoanisha, rudi nyuma kwenye ukurasa wa kwanza wa utatuzi usiotumia waya, usome poti iliyoandikwa pale, hiyo ndiyo ya `adb connect`. Tena hubadilika kila ukizima na kuwasha, kwa hiyo usiikariri.

Kwa kuwa lilikuwa toleo la majaribio, `run-as` iliniruhusu kuingia kwenye hifadhi ya programu: `adb exec-out run-as`, jina la programu, kisha `cat databases/mizani.db > mizani.db`. Nikaifungua faili kwenye laptopu. Karani akavuta kiti, akatoa daftari lake la akiba na kuanza kusoma jina moja moja, mimi nikitafuta kilo zake. Tulipofika la mwisho yote yalikuwa yamo. Nikazima utatuzi kwenye simu yake, nikaketi kulitafuta kosa kwenye msimbo kabla mizani haijafunguliwa asubuhi.