Mtoto mgonjwa anajua zaidi ya tunavyodhani

Imani kwamba mtoto mwenye ugonjwa mzito hulindwa kwa kufichwa hali yake ni ya miaka mingi, na chanzo chake ni huruma. Hata hivyo si sahihi. Mwanaanthropolojia Myra Bluebond-Langner, ambaye utafiti wake kuhusu watoto wenye saratani ya damu nchini Marekani ulichapishwa mwaka 1978, alionyesha kwamba hata wadogo sana walitambua uzito wa ugonjwa wao bila kuambiwa, kwa kuwasikiliza wakubwa na kuwatazama wagonjwa wenzao, kisha wakanyamaza ili wasiwaumize wazazi.

Mtoto asiyeelezwa hujitungia sababu, na mara nyingi hujilaumu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2011 kuhusu watoto wanaoishi na VVU, lilipendekeza mtoto wa umri wa shule aelezwe hali yake. Mama wa mtoto mwenye seli mundu anaweza kuanza hivi: "Chembe za damu yako hujipinda na kuziba njia, ndipo miguu inauma, hukukosea kitu, mwanangu."

Mama huyo naye anahitaji kusikilizwa, kwa maana hofu yake humfikia mtoto upesi kuliko maneno yake. Kwa maoni yangu, anayesahauliwa zaidi ni ndugu asiye mgonjwa anayebaki nyumbani mwenzake anapolazwa: naye aelezwe, apelekwe wodini inaporuhusiwa, na aulizwe anaogopa nini.