Je, wajua kwa nini mguu uliovunjika ajalini huendelea kula pesa hata baada ya kutoka hospitali?

Jirani yetu hapa Nkuhungu, Dodoma, dereva wa bodaboda, aligongwa na gari jioni moja akitoka kumshusha abiria Ihumwa. Kofia ngumu ilikuwa kichwani, nami naamini ndiyo iliyomwokoa: Shirika la Afya Duniani linasema kofia ikivaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Kilichovunjika ni mguu wa kulia, chini ya goti. Tulidhani baada ya miezi mitatu atarudi kijiweni. Sasa ni miezi tisa, bado yuko kwenye magongo.

Sababu ya kwanza iko mwilini. Pitisha kidole kwenye ugoko wako, kutoka chini ya goti hadi kifundoni: unaugusa mfupa wenyewe, juu yake hakuna nyama, ni ngozi tu. Ndiyo maana ukivunjika hutoboa ngozi kwa urahisi, vumbi na mchanga vikaingia ndani. Tena sehemu yake ya chini hupata damu kidogo kuliko mifupa iliyozungukwa na misuli, na bila damu ya kutosha mfupa hauungi upesi, wala mwili haupambani vizuri na vijidudu. Mguu wa namna hiyo mara nyingi haufungwi hogo, ile plasta ngumu. Huwekewa antena, vile vyuma vinavyotokeza nje. Kila asubuhi mama yake husafisha kitundu kimoja kimoja kwa pamba na maji ya chumvi yaliyochemshwa, kijana kang'ata pindo la kanga.

Sababu ya pili iko mfukoni. Bili ya upasuaji huonekana, watu wakachangishana, ikalipwa. Yasiyoandikwa popote ndiyo mengi: bajaji ya kwenda na kurudi kliniki, maana kwa ule mguu daladala hapandi, dawa za kununua nje, mama aliyefunga genge lake la nyanya ili amuuguze. Pikipiki nayo ilikuwa ya mkataba: unamlipa mwenye nayo kidogo kidogo hadi iwe yako. Hesabu ilipokosekana wiki kadhaa, mwenye pikipiki akaichukua, na miezi yote aliyokwisha kulipa ikaenda nayo. Hilo liliniuma kuliko bili.

Si nyumba hiyo peke yake. Shirika hilohilo linakadiria kwamba ajali za barabarani hugharimu nchi nyingi asilimia 3 ya pato lao, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Na jiji letu la Dodoma limejaa haraka: watu 410,956 mwaka 2012, watu 765,179 mwaka 2022.

Na bima je? Sheria inalazimisha kila chombo kiwe nayo, na wengi hukata ile ndogo. Hiyo humfidia uliyemgonga, wewe mwenyewe haikugusi. Jirani yetu alikuwa nayo, haijaisha muda. Iliyotakiwa kumlipa ni ya yule aliyemgonga, lakini gari lile halikusimama, na hakuna aliyewahi kushika namba.