Herufi baada ya jina la mfanyabiashara wa vito: zinathibitisha nini?

Ingia duka lolote la vito Arusha mjini, utaona fremu ukutani: leseni, diploma, cheti cha uanachama, mara nyingine picha na mgeni mashuhuri. Mteja huzihesabu zote kama kitu kimoja, na muuzaji mjanja hana sababu ya kumsahihisha. Kila karatasi pale ina swali lake, na mimi huanza na lile ambalo watu hulipita haraka, yaani leseni.

Leseni hutolewa na Tume ya Madini chini ya Sheria ya Madini. Inasema mtu huyu anaruhusiwa kufanya biashara, basi. Haisemi anajua kutofautisha tanzanaiti na kioo. Dila, yaani mfanyabiashara wa vito, ana leseni yake na broka, yaani dalali, ana yake. Broka hununua kwa mchimbaji na kumuuzia dila. Kusafirisha mzigo nje ya nchi si kazi yake. Kwa hiyo broka akikuahidi kukutolea vibali vya kupeleka mawe ghafi Bangkok au Jaipur kwa jina lake, hapo simama. Leseni ni ya mwaka mmoja, kwa hiyo soma tarehe kabla ya jina. Ukiwa na shaka, peleka namba yake ofisi ya Afisa Madini Mkazi, iwe Arusha au Moshi.

Sasa diploma, na hapa ndipo pana mkanganyiko mkubwa. GIA, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1931, hutoa vyeti vingi vyenye uzito tofauti kabisa. GG (Graduate Gemologist) ndicho kizito: mwanafunzi hupewa mawe 20 asiyoambiwa ni nini, na hufaulu akiyatambua yote 20. Kumi na tisa ni kufeli. AJP (Applied Jewelry Professional) ni kozi tatu fupi za mtandaoni zinazomlenga muuzaji wa dukani. Hazina mtihani wa kutambua mawe kwa vifaa. GJ (Graduate Jeweler) nayo ni ya sonara wa mezani, anayechomelea na kupachika mawe. Zote zina nembo ileile, na ukutani zinafanana mno.

Ndiyo maana GG si hakikisho kwamba pete yako itatengenezwa vizuri. Tanzanaiti ina ugumu wa 6 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs na hupasuka kirahisi upande mmoja. Sonara asiyeijua akirekebisha pete huku jiwe limo, moto wa tochi na ubaridi wa ghafla wa maji huipasua. Mashine ya kusafishia kwa mitetemo nayo huimaliza. Kazi ya namna hiyo muulize sonara amejifunzia wapi kupachika, usiulize jemolojia, yaani elimu ya kutambua vito.

Uingereza wana FGA, diploma ya Gem-A, chama chao cha jemolojia. Hupitia hatua ya msingi kwanza, kisha diploma yenye mitihani ya nadharia na vitendo. Tofauti ambayo wengi hawaijui: GG ukishaipata ni yako, lakini herufi FGA unaruhusiwa kuzitumia ukiwa mwanachama uliyelipa ada. Ukiacha kulipa, elimu inabaki, herufi zinaondoka. American Gem Society ya Marekani ni kali zaidi, kwani wenye vyeo vyake huthibitishwa upya kila mwaka. Binafsi naona utaratibu huo una maana, kwa sababu matibabu ya mawe (kuyachoma au kuyatia mafuta ili yapendeze) na mawe ya maabara hubadilika haraka kuliko vitabu.

Hapa nyumbani, Kituo cha Jemolojia Tanzania, TGC, kipo Arusha na kinafundisha utambuzi wa mawe, ukataji na utengenezaji wa mapambo. Cheti chake usikidharau kwa sababu ya herufi za nje. Aliyeshika mawe ghafi ya Mererani kila siku ana macho ambayo kozi ya mtandaoni haimpi.

Kosa jingine: "huyu ana cheti cha GIA, basi jiwe lake lina cheti." Hapana. Diploma ni ya mtu, ripoti ni ya jiwe. Mwenye GG hawezi kukuandikia ripoti ya GIA. Hiyo hutoka maabara yao, ina namba unayoweza kuihakiki kwenye tovuti yao, na haitaji bei.

Uanachama ni jambo la tatu. TAMIDA ni ya madila, CHAMMATA ya mabroka, na wachimbaji wana vyama vyao. Kimataifa kuna ICA, iliyoundwa 1984, kwa wafanyabiashara wa mawe ya rangi. Kinachonunuliwa kwa ada si ujuzi, ni kukubali kanuni na kuwa na mahali pa kulalamikiwa. Swali la kuuliza ni moja: mwanachama akidanganya, chama kinamfanya nini? Usipopata jibu, fremu hiyo ni pambo.

Faida yake huonekana kwenye ankara. Mnunuzi wa Marekani aliye mwanachama wa AGTA, chama cha wafanyabiashara wa vito wa huko, anatakiwa kutaja matibabu ya jiwe, na atakudai wewe umwambie: H kwa lililochomwa, N kwa lisiloguswa, O kwa lililotiwa mafuta. Karibu tanzanaiti yote ya bluu sokoni imechomwa, kwa hiyo andika hivyo bila haya. Ukiandika "asilia" ukaacha hapo, mzigo unaweza kurudi.

Ukitaka kumpima mwenyewe mwenye herufi, mpe jiwe la bluu na rifraktomita, kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga. Tanzanaiti husoma takribani 1.69 hadi 1.70. Yakuti samawi ni 1.76 hadi 1.77. Forsteraiti ya maabara, inayouzwa kama tanzanaiti, ni 1.63 hadi 1.67, na kwa lupu (kioo cha kukuzia) ya mara 10 kingo zake za nyuma huonekana mbilimbili. Kioo hutoa msomo mmoja tu, hata ukiligeuza jiwe. Mtazame pia mkono: tone dogo la kimiminika kinachowekwa kati ya jiwe na kifaa linatosha. Akilimwagia, jiwe linaelea, kivuli kinafifia, na namba atakayoisoma ni ya kubahatisha.